Nyumba za kupangisha Karurumo: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuchimba msingi

KWA mtumishi wa umma anayekaribia kustaafu, au mkulima aliyepokea bonasi nono ya majanichai, wazo la kwanza mara nyingi huwa ni kujenga nyumba za kupangisha. Sababu zake zinaeleweka. Nyumba haiibiwi usiku kama ng'ombe, haiozi kama ndizi, wala bei yake haiporomoki kwa juma moja kama ile ya kahawa mnadani. Mwenye nyumba hutarajia kwamba kila mwanzo wa mwezi pesa zitaingia mfukoni bila yeye kushika jembe.

Dhana hiyo imebadilisha sura ya vituo vingi vya biashara kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kikiwemo Karurumo, katika eneo la Runyenjes, Kaunti ya Embu. Mahali palipokuwa na safu moja ya maduka yenye mapaa ya mabati, leo huonekana majengo ya mawe yenye maduka chini na vyumba vya makazi juu.

Hata hivyo, si kila anayejenga huvuna. Wapo waliomaliza akiba ya maisha yao kwenye jengo ambalo nusu ya vyumba vyake havina watu, na wapo waliojenga kwenye ardhi ambayo baadaye ilithibitika kuwa si yao. Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua mambo ambayo mwekezaji wa kiwango cha kadiri anapaswa kuyafahamu kabla ya kununua lori la kwanza la mawe.

NANI ATAPANGA?

Swali la kwanza si gharama ya ujenzi, bali ni nani atakayeishi humo. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa takriban kaya tisa kati ya kila kumi jijini Nairobi huishi katika nyumba za kupanga. Mashambani hali ni kinyume chake, kwani familia nyingi huishi katika nyumba zao wenyewe, kwenye shamba lao wenyewe.

Karurumo imezungukwa na mashamba. Mwenyeji wa hapo ana boma lake, hata kama ni dogo, na hana sababu ya kulipa kodi kilomita mbili kutoka kwao. Mpangaji wa kituo kama hiki basi ni mtu aliyeletwa na kazi: mwalimu aliyepewa uhamisho, muuguzi, afisa wa polisi, karani, fundi, mhudumu wa duka la dawa, mwanabodaboda au mfanyabiashara kutoka eneo jingine. Kundi la pili ni vijana wa hapo hapo wanaotaka kuanza maisha nje ya boma la wazazi.

Makundi haya yana kikomo. Tofauti na mji wa Embu, ambako chuo kikuu kilichopata hati yake ya kujitegemea mwaka 2016 huleta wanafunzi wapya kila mwaka, au Chuka, ambako chuo kilipata hati kama hiyo mwaka 2013, kituo kidogo hakina chemchemi ya wapangaji wasiokauka. Nyumba 20 zikijengwa mwaka mmoja mahali palipo na wapangaji wapya 10 pekee, kodi hushuka au vyumba hubaki vitupu.

Mwekezaji makini hutembea kituoni kabla ya kuajiri mchoraji wa ramani. Huhesabu majengo yaliyopo, huuliza vyumba vingapi havina watu na kwa muda gani, na huchunguza kodi inayolipwa kwa kweli, si ile iliyoandikwa ubaoni. Aidha, huuliza walimu na wauguzi wanataka nini. Mara nyingi jibu si ukubwa wa chumba. Ni maji yasiyokatika, mita ya stima ya kila mpangaji, choo cha ndani na lango linalofungwa usiku.

HATI MILIKI KWANZA

Ardhi ya Embu ilianza kuunganishwa na kusajiliwa katika miaka ya 1950, baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Waliosajiliwa wakati huo ni kizazi cha mababu wa wengi wanaotaka kujenga leo. Hapa ndipo matatizo mengi huanzia, kwa sababu katika familia kadha hati miliki ingali kwa jina la babu aliyefariki zamani, ingawa wajukuu wamekwishagawana shamba kwa mdomo na kupanda ua kuonyesha mipaka.

Mgao wa mdomo haumpi mtu umiliki. Chini ya Sheria ya Urithi, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1981, ni kosa kujiingiza katika mali ya marehemu bila idhini ya mahakama. Anayejenga nyumba ya vyumba 10 kwenye sehemu "yake" kabla ya kesi ya urithi kukamilika anajenga juu ya ardhi ya marehemu. Kisheria, jengo lililoshikamana na ardhi hufuata ardhi. Siku ndugu, shangazi au mjane ambaye hakuhusishwa atakapofika mahakamani, mawe yale hayatamtetea mwenye kuyapanga. Ikumbukwe pia kwamba binti aliyeolewa ana haki ya kurithi sawa na kaka yake, na kumwacha nje ya orodha ya warithi ni sababu ya kutosha ya kubatilisha mgao wote.

Kwa anayenunua ploti badala ya kurithi, hatua ni hizi. Kwanza, afanye upekuzi rasmi katika afisi ya usajili wa ardhi ili kujua jina la mmiliki, na kama kuna rehani au katazo lililowekwa. Pili, amwajiri mpimaji ardhi aliyesajiliwa ili kuthibitisha kwamba ploti anayoonyeshwa ndiyo iliyo kwenye ramani. Ploti inayouzwa kama "hamsini kwa mia", yaani futi 50 kwa 100, ina futi mraba 5,000, ilhali thumuni kamili ya ekari ni futi mraba 5,445. Tatu, ahakikishe mke au mume wa muuzaji ametoa idhini ikiwa ni mali ya ndoa, kama inavyotakiwa na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013.

Nne, ikiwa ardhi ni ya kilimo, mauzo hayana nguvu bila idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi ya eneo hilo. Sheria inataka maombi yawasilishwe kabla ya miezi sita kupita tangu mkataba kutiwa sahihi. Mnunuzi anayelipa pesa zote, akapewa karatasi iliyoshuhudiwa na wazee, kisha akasahau bodi, hubaki na haki ya kudai arudishiwe pesa zake tu, si ardhi.

Ploti za sokoni zina hadithi yake. Nyingi ziligawiwa na mabaraza ya serikali za wilaya yaliyovunjwa mwaka 2013, na wenye nazo wana barua za ugavi pekee. Mahakama ya Juu ilieleza bayana mwaka 2023 kwamba barua ya ugavi si hati miliki. Ni pendekezo tu linalopaswa kukubaliwa, masharti yake yatimizwe na usajili ukamilishwe. Anayenunua ploti ya aina hiyo ananunua matumaini pamoja na madeni ya ada ambazo huenda hazijalipwa kwa miaka mingi.

Mnunuzi pia hulipa ushuru wa stempu, asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ile iliyo ndani ya manispaa. Muuzaji hulipa asilimia 15 ya faida aliyopata, kiwango kilichoanza Januari 1, 2023, kutoka asilimia 5 ya awali.

VIBALI VYA UJENZI

Wengi hudhani kwamba vibali ni vya Nairobi na Mombasa. Sivyo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka kila anayejenga apate idhini ya serikali ya kaunti. Ikiwa ardhi imesajiliwa kwa ajili ya kilimo, matumizi yake yabadilishwe kwanza. Mradi husajiliwa pia na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), na kulingana na ukubwa wake huenda ukahitaji idhini ya mamlaka ya mazingira, NEMA.

Gharama ya kuruka hatua hizi ilionekana Aprili 29, 2016, jengo la makazi la ghorofa kadha liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limejengwa bila idhini, karibu na mto. Karurumo si Huruma, lakini udongo wa miteremko huteleza mvua za masika zinapopiga, na fundi anayeongeza ghorofa ya pili juu ya msingi wa ghorofa moja hufanya kosa lile lile.

HESABU YA KWELI

Ili kuelewa biashara hii, ni vyema kufuata mfano mmoja mpaka mwisho. Tarakimu zifuatazo ni za kuelekeza tu. Kila mwekezaji aweke zake.

Tuseme mwalimu anayestaafu ananunua ploti kwa Sh1.2 milioni na kujenga vyumba 10 kwa Sh3 milioni. Jumla ya mtaji ni Sh4.2 milioni. Kila chumba kinapangishwa kwa Sh3,500 kwa mwezi. Vyumba vyote vikijaa mwaka mzima, mapato ni Sh420,000. Hii ndiyo hesabu ambayo wengi huifanya kwenye mkahawa, na huishia hapo.

Lakini vyumba havijai mwaka mzima. Walimu huhama, na mpangaji mpya huchukua majuma kadha kupatikana. Tukikadiria kwamba kila chumba hukaa kitupu mwezi mmoja kwa mwaka, mapato yanashuka hadi Sh385,000. Ushuru wa asilimia 7.5 ni Sh28,875. Ukarabati, yaani rangi, makufuli, mabomba na mabati, ukitengewa sehemu moja ya kumi ya mapato, ni Sh38,500. Mlinzi au mwangalizi, uzoaji taka na stima ya uani vikigharimu Sh3,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh36,000 kwa mwaka.

Kinachobaki ni Sh281,625, yaani Sh23,469 kwa mwezi. Ukilinganisha na mtaji, ni asilimia 6.7 kwa mwaka. Mwalimu huyo atasubiri karibu miaka 15 kabla pesa zake kurudi. Ikiwa alistaafu akiwa na umri wa miaka 60, atakuwa na 75.

Hesabu hii haimaanishi kwamba nyumba ni uwekezaji mbaya. Ardhi huenda ikapanda thamani, na kodi huongezwa kadiri miaka inavyosonga. Jambo la msingi ni kwamba nyumba za kupangisha hulipa polepole, na asiye na subira au asiye na pesa nyingine za matumizi ataumia katikati ya safari.

MKOPO NI UPANGA WENYE MAKALI

Sasa tuseme mwalimu yule ana ploti tayari, na anakopa zile Sh3 milioni za ujenzi kwa riba ya asilimia 14. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia Sh420,000. Hicho ndicho kiasi kile kile cha kodi ambacho vyumba vyote 10 vingeleta bila hata kimoja kukaa kitupu siku moja. Pesa za kulipa ushuru, kukarabati na kupunguza deni lenyewe zitatoka kwingine.

Kwa sababu hiyo, wajenzi wengi wa vituo vidogo hujenga kwa awamu. Huanza na vyumba vinne kwa akiba yao, wakapangisha, kisha wakaongeza vingine kwa kodi iliyopatikana. Wengine hukopa kwenye chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ambako riba mara nyingi huwa nafuu na deni hukatwa kwenye mshahara. Mwendo huu ni wa kobe, lakini hauweki shamba la familia rehani.

Mkopo wa benki unaodhaminiwa na hati ya shamba la nyumbani unahitaji tahadhari kubwa. Kodi ikikosa kulipa deni, kinachopigwa mnada si vyumba pekee bali hata kaburi la babu na mikahawa iliyosomesha watoto.

USHURU WA KODI

Katika Kiswahili cha Kenya, kodi ni pesa anazolipa mpangaji, na ushuru ni zile za serikali. Wenye nyumba wengi huzijua za kwanza na kuzisahau za pili.

Ushuru wa kila mwezi wa kodi za makazi ulianza Januari 2016 kwa kiwango cha asilimia 10. Kuanzia Januari 2024, kiwango hicho kilipunguzwa hadi asilimia 7.5. Huwahusu wakazi wa Kenya ambao kodi wanayopokea kwa mwaka inazidi Sh288,000 lakini haizidi Sh15 milioni. Hutozwa kwa kodi yote iliyopokelewa, bila kupunguza gharama za ukarabati au riba, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupitia mtandao wa Mamlaka ya Ushuru (KRA). Akishalipa, mwenye nyumba hadaiwi tena ushuru wa mapato kwa kodi hiyo.

Anayepokea chini ya Sh288,000 hajasamehewa kabisa. Mapato hayo hujumuishwa katika ripoti yake ya mwaka pamoja na mapato mengine. Vivyo hivyo, kodi ya maduka haimo katika mpango wa asilimia 7.5, hutozwa kwa viwango vya kawaida vya ushuru wa mapato baada ya gharama kuondolewa. Mwenye jengo lenye maduka chini na vyumba juu hana budi kutenganisha vitabu viwili. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari.

MPANGAJI ANA HAKI ZAKE

Mizozo mingi baina ya mwenye nyumba na mpangaji huanza kwa makubaliano ya mdomo. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha, mradi utaje kodi, tarehe ya malipo, amana na jinsi itakavyorudishwa, nani analipia maji, na muda wa notisi.

Mpangaji akishindwa kulipa, mwenye nyumba hana ruhusa ya kung'oa mlango, kutoa mabati wala kufunga chumba kwa kufuli lake huku vyombo vikiwa ndani. Sheria inamruhusu kumtumia dalali aliye na leseni kunadi mali ya mpangaji ili kulipa malimbikizi, kwa kufuata utaratibu uliowekwa. Kwa nyumba za makazi zenye kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, ambazo bado zinapatikana katika vituo vidogo, Sheria ya Kudhibiti Kodi huzuia kumfurusha mpangaji au kuongeza kodi bila jopo husika kuidhinisha.

Ulinzi wa mwenye duka ni mkubwa zaidi. Chini ya sheria ya mwaka 1965 kuhusu maduka, hoteli na mikahawa, mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au aliye na mkataba wa miaka isiyozidi mitano, hawezi kuongezewa kodi wala kuondolewa bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili. Akipinga, jopo la kodi za majengo ya biashara ndilo huamua. Wajenzi kadha wamegundua sheria hii kwa kuchelewa, baada ya kumpangisha mtu duka kwa maneno matupu wakidhani wanaweza kumwondoa wakati wowote.

NJIA NYINGINE

Mwenye mtaji ana haki ya kulinganisha. Mnamo Februari 2024, serikali iliuza hatifungani za miundomsingi zenye riba ya takriban asilimia 18.5 kwa mwaka, isiyotozwa ushuru. Riba ya namna hiyo haipatikani kila mara, nayo hatifungani haiongezeki thamani kama ardhi, lakini pia haihitaji rangi wala mlinzi.

Kwa anayetaka mali isiyohamishika bila kujenga, kuna hazina za uwekezaji wa pamoja zilizoruhusiwa kwa kanuni za 2013. Ya kwanza, Fahari, iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi Novemba 2015 kwa Sh20 kwa kipande. Bei ilishuka miaka iliyofuata, na mwaka 2023 wawekezaji wadogo waliotaka kuondoka walipewa Sh11. Mfano huo unaonyesha kwamba hata wataalamu wenye majengo ya Nairobi hukosea hesabu.

Faida ya Karurumo ni kwamba mwekezaji anaweza kuiona mali yake kila siku. Anamjua mpangaji kwa jina, anajua mvua ikinyesha bati lipi linavuja, na fundi yuko hatua chache. Faida hiyo hupotea mara moja mwenye nyumba akiishi Nairobi na kumwachia jamaa kukusanya kodi bila risiti.

Mtu aliye na hati safi kwa jina lake, vibali mkononi, akiba ya angalau miezi sita ya matumizi ya nyumbani na wapangaji anaowajua kabla ya kuwajengea, anaweza kuendelea. Aliyepungukiwa na moja kati ya hayo anashauriwa alitafute kwanza. Ploti haitatoroka, nayo bei ya mawe ikipanda kidogo ni hasara ndogo kuliko ukuta uliosimama juu ya ardhi ya mtu mwingine.